Mwenye wimbo wetu wa taifa: maswali ninayoulizwa kuhusu Enoch Sontonga

Desemba ikikaribia, kwaya yetu huombwa kuimba wimbo wa taifa wa Tanzania, Mungu Ibariki Afrika, kwa sauti nne kwenye ibada ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya Uhuru. Na kila mwaka mazoezi hukwama palepale. Mtu wa teno ananyoosha mkono: "Mwalimu, hivi huu wimbo katunga nani?" Mmoja anasema Nyerere. Mwingine anasema Mzungu fulani. Nusu saa inapita, wa Mbagala na Gongo la Mboto wanaanza kutazama saa kwa sababu ya daladala, na besi bado hawajashika hata mstari wa pili. Mwaka huu nimeamua kuyaandika majibu mara moja, ili mtu akiniuliza nimtumie, sisi wengine tuendelee kuimba.

Haya, Sontonga ni nani?

Enoch Mankayi Sontonga, mtunzi wa tyuni ya wimbo huu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Mxhosa, aliyezaliwa Uitenhage, upande wa mashariki wa Rasi (Cape), Afrika Kusini, yapata mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, chuo kilichoanzishwa na wamisionari Waskoti, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Alihubiri pia, ingawa hakuwa mchungaji, na alikuwa na kamera yake akipiga watu picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji wa Kanisa la AME (African Methodist Episcopal), wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Msiifikirie Johannesburg ya maghorofa. Dhahabu iligunduliwa pale mwaka 1886, kwa hiyo Sontonga anaingia kwenye mji wenye umri wa mtoto wa shule, umejaa vumbi la migodi na wanaume waliotoka kwao kutafuta riziki. Watoto aliowafundisha ni watoto wa watu hao. Na yeye mwenyewe hakuwa mtu mkubwa. Angekuwa hapa Dar leo mngemkuta jioni kituoni Rangi Tatu, daftari kwapani, anagombania gari ili awahi mazoezi.

Aliutunga kama wimbo wa taifa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwaka 1897, alipoutunga, hakukuwa na taifa la kuimbiwa. Johannesburg ilikuwa chini ya jamhuri ya Makaburu, Rasi na Natal zilikuwa makoloni ya Mwingereza, na Mwafrika hakuwa na kwake popote kati ya hizo. Yeye alikuwa anawatungia wanafunzi wake nyimbo za kuimba, na huu ulikuwa mmojawapo. Aliandika ubeti mmoja tu na kiitikio chake. Akaufundisha, wakauimba, basi.

Mara ya kwanza kuimbwa hadharani ilikuwa mwaka 1899, mchungaji wa Kimethodisti aitwaye Boweni alipokuwa anawekewa mikono. Yaani wimbo ambao leo tunasimama wima kuuimba uwanjani ulianzia kwenye ibada ya kumweka mtu wakfu, kama zile tunazoalikwa sisi na kupewa pilau baadaye. Oktoba ya mwaka huohuo vita kati ya Makaburu na Waingereza vikaanza.

Maneno ya asili yanasema nini?

Swali zuri kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa nadra.

Kwa Kixhosa wimbo unaanza Nkosi sikelel' iAfrika. Nkosi ni Bwana, neno lilelile wanalomwitia chifu au mfalme. Anamwomba Bwana aibariki Afrika, kisha anaomba jambo ambalo Mswahili akilisikia bila kulielewa atashangaa: pembe ya Afrika iinuliwe. Msiende mbali kutafuta maana. Fungueni 1 Samweli sura ya 2, wimbo wa Hana, mama aliyedhihakiwa kwa kukosa mtoto, halafu siku ya furaha yake anasema pembe yake imetukuka. Pembe ni nguvu na heshima ya mnyama. Mwenye kuinuliwa pembe ameondolewa aibu. Sontonga alikuwa anaishi katika mji ambao Mwafrika alihesabika kwa kazi anayofanya shimoni tu. Akachukua maneno ya mwanamke aliyedharauliwa akayaweka kinywani mwa bara zima. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Baada ya hapo anaomba sala zetu zisikiwe, tubarikiwe. Na kiitikio chake ni kumwita Roho: shuka, Roho Mtakatifu, shuka. Ni wimbo wa Pentekoste kabisa.

Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, Samuel Mqhayi, aliongeza beti saba na wimbo ukachapishwa na kiwanda cha vitabu cha Lovedale. Humo ndimo walimoombewa machifu, wanaume wa taifa, akina mama, wachungaji (wao huwaita abafundisi, na nyie mnaojua kufundisha mmeshanielewa), kilimo na mifugo, na umoja. Ukitazama Kiswahili chetu kinavyowaombea viongozi, wake kwa waume na watoto, utaona kinakaa karibu zaidi na Mqhayi kuliko na Sontonga mwenyewe. Hayo ni maoni yangu, lakini linganisheni wenyewe.

Kwa nini kwenye Kiswahili hakuna Roho Mtakatifu?

Kijana wa kipaimara aliniuliza hivi kwa uchungu kabisa, kama vile tumeibiwa. Nikamwambia asimame dirishani aangalie mtaa. Mkono wa kulia kanisa letu, mkono wa kushoto msikiti, katikati muuza chipsi anayewalisha wote. Wimbo wa taifa wa nchi ya namna hii ukimwita Mungu kwa neno Mungu, kila mtu anaingia na imani yake bila kugonga mlango. Jirani yangu mmoja, ustadhi wa madrasa, huniambia kwamba kwake ile ni dua, na dua ikiitikiwa na wengi ni bora zaidi. Anayetaka kumwita Roho Mtakatifu aimbe Kixhosa siku ya Pentekoste, na kwaya yetu tunafanya hivyo.

Je, tyuni yake si ya Wazungu?

Wapo wanaosema imefanana na Aberystwyth, tyuni ya kanisani ya Joseph Parry wa Wales. Nimezisikiliza zote mbili mara nyingi. Kufanana kupo, hasa mwanzoni, lakini nyimbo za sauti nne zilizolelewa katika makanisa yaleyale zitafanana tu, kama watoto waliokula chungu kimoja.

Watu wanasahau kwamba Sontonga hakuanza na karatasi tupu. Miaka mingi kabla yake Waxhosa walikuwa na Ntsikana, aliyefariki mwaka 1821, ambaye alimwimbia Mungu kwa Kixhosa na nyimbo zake zikabebwa mdomoni kizazi kwa kizazi. Baadaye John Knox Bokwe, mtu wa Lovedale, alizikalisha zile nyimbo za Ntsikana kwenye maandishi. Kwa hiyo kijana akisoma Lovedale alikuta tayari kuna njia mbili zimekutana: mpangilio wa sauti nne wa misheni, na namna ya kwao ya kuirudia sentensi moja ya muziki mpaka iwaingie watu mwilini. Sikilizeni Mungu Ibariki Afrika tena. Mistari yake ni mifupi na hurudi ilipotoka, ndiyo maana mtoto wa chekechea anaushika kwa siku mbili.

Aliuandika kwa nota za mistari?

Aliuandika kwa solfa, kama sisi. Do, re, mi ile ambayo wengine mnaiona ya kizamani ilienezwa na John Curwen, Mwingereza, katika karne ya 19, akiiboresha mbinu ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mistari mitano wala mtambo maalumu wa kuchapia: herufi, nukta, nukta mbili na vistari, mwisho. Shule maskini inaweza kuiandika ubaoni kwa chaki. Ndiyo iliyoenea katika misheni za Afrika, ikafika mpaka kwetu, na mpaka leo kwaya nyingi za Dar zinaishi kwayo. Wale vijana waliotoka kujifunza kinanda na kuanza kuidharau solfa wajue kwamba wimbo wao wa taifa ulizaliwa ndani yake.

Nyimbo zake nyingine ziko wapi?

Zimepotea.

Sontonga alizikusanya tungo zake katika daftari la shule, la kuandikia kwa mkono. Alikuwa na mpango wa kuzichapisha, lakini hakuwahi. Baada ya kufa kwake watu waliendelea kuja kuomba wazitumie, walimu wa kwaya wengine, waimbaji, na daftari likaazimwa huku na kule. Mwisho halikurudi. Mtunzi ambaye wimbo wake mmoja umeimbwa na mamilioni ya watu, nyingine zote hatunazo.

Mtanisamehe nikikaa hapa kidogo. Mimi pia nilikuwa na daftari, la jalada gumu, nyimbo 14 nilizotunga tangu nikiwa kijana. Wiki chache kabla ya Pasaka moja, mwalimu mwenzangu wa kwaya ya jirani akaniomba anakili wimbo mmoja wa Ijumaa Kuu. Nikampa daftari zima, kwa sababu nilikuwa na haraka na mvua ilikuwa inaanza. Akahamishwa kikazi mkoani, simu ikabadilika, daftari likaenda na maji. Nyimbo 9 tumezirudisha kwa kuwakalisha soprano wa zamani waziimbe huku mimi naandika. Tano hazikurudi. Mojawapo nakumbuka besi yake tu, na besi peke yake, wanakwaya mnajua, ni kama kuwa na mguu mmoja wa meza. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza habari za daftari la Sontonga, sikuisoma kama historia.

Alikufa vipi, na kaburi liko wapi?

Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka thelathini na kitu tu, kwa ugonjwa wa tumbo na kidole tumbo kilichotoboka. Ugonjwa ambao leo ukiwahishwa hospitali unapasuliwa na wiki ijayo uko kwenye mazoezi. Hakuona wimbo wake ukitoka nje ya shule na makanisa ya huko kwao.

Alizikwa Johannesburg, makaburi ya Braamfontein, sehemu waliyotengewa Wakristo Waafrika. Kisha kaburi likasahaulika kwa miaka karibu 90. Katika miaka ya 1990 watafiti walipolitafuta kwenye vitabu vya makaburi walihangaika sana kwa sababu walikuwa wanatafuta jina Sontonga, kumbe mwandishi wa zamani alimwandika Enoch tu. Kwa Mwafrika wa wakati ule jina la ubatizo lilionekana linatosha. Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi ya Afrika Kusini, Nelson Mandela alizindua kumbukumbu mahali hapo, na mtunzi akapewa nishani ya taifa, ikapokelewa na mjukuu wake.

Familia yake ilipata nini?

Inasimuliwa kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita. Wazee wa hapa wataelewa haraka zaidi nikisema thumuni. Diana alifariki mwaka 1929, wimbo ukiwa tayari unaimbwa na watu asiowajua.

Kwa hiyo nyie mnaonisumbua kwamba kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili tungo ni kupoteza nauli, sisemi kitu. Thumuni.

Ulitokaje kanisani ukaingia kwenye siasa?

Kwa miguu ya kwaya. Kwaya yake mwenyewe iliuimba Johannesburg na Natal, nyingine zikaiga. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, ikaueneza zaidi. Tarehe 8 Januari 1912 viongozi Waafrika walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, waliuimba baada ya sala ya kufunga, na Dube huyohuyo ndiye aliyechaguliwa rais wao wa kwanza. Tarehe 16 Oktoba 1923 Solomon Plaatje, mwandishi na katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, aliurekodi London kwenye sahani ya santuri. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano.

Mnaona ulivyokwenda? Hakuna aliyeamua kwamba huu sasa ni wimbo wa mapambano. Mkutano ulifungwa kwa sala, sala ikafuatwa na wimbo ambao kila mtu aliujua toka shuleni, na baada ya miaka 13 ya kufanya hivyo ukawa wa chama.

Na huku kwetu?

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza iliposhushwa hapa Dar es Salaam na ya Tanganyika kupandishwa, wimbo wa taifa hili ulikuwa tyuni ya Sontonga yenye maneno ya Kiswahili. Tulikuwa nchi huru ya kwanza kuichukua. Afrika Kusini yenyewe, alikozaliwa mtunzi, ilikuwa bado miaka 33 kabla ya kuruhusiwa kuiimba kama wimbo wa taifa.

Fikirieni basi hali ya wakimbizi wa siasa kutoka kule. Mandela alipita Dar mapema mwaka 1962, akiwa ametoka nchini mwake kwa siri, akaonana na Nyerere. Kuanzia mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapahapa mjini. ANC walikuwa na watu wao Dar na Morogoro, na baadaye shule yao kule Mazimbu. Mtu aliyefungwa kwao kwa kuimba wimbo fulani anashuka hapa, anawasikia watoto wa shule wameupangia mstari asubuhi, wanauimba kwa lugha asiyoijua, na askari amesimama wima kwa heshima. Mzee mmoja wa Keko, aliyewahi kuishi jirani na wageni hao, aliniambia kwamba walikuwa wakiusikia redioni wanaacha wanachokifanya.

Kwa nini Zambia wanapigiwa wimbo wetu uwanjani?

Si wetu peke yetu. Zambia waliichukua tyuni hiyohiyo mwaka 1964 wakaipa maneno yao. Zimbabwe waliitumia kwa Kishona na Kindebele mpaka 1994, na Namibia kwa muda mfupi baada ya uhuru wao. Afrika Kusini waliuweka rasmi mwaka 1994, wakiuimba sambamba na ule wa zamani wa Makaburu, na mwaka 1997 wakaziunganisha nyimbo hizo mbili kuwa wimbo mmoja wa lugha tano. Wanakwaya sikilizeni ule wa kwao vizuri: unaanza kwenye ufunguo mmoja na kuishia kwenye mwingine, jambo ambalo ni nadra kwa nyimbo za taifa.

Tulipocheza na Zambia AFCON, Januari 2024, tukatoka sare ya 1-1, mwanangu aliuliza kwa nini wameurudia wimbo wetu mara mbili. Kenya wao wana njia yao. Ule wa kwao umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto.

Jina lake linatamkwaje?

Kama lilivyoandikwa: So-nto-nga. Kazi iko kwenye Mqhayi, ile q ni kidoko, sauti ya kualika ulimi, na kwenye neno la kiitikio la Kixhosa linalomaanisha mtakatifu, lenye c ambayo ni kidoko cha aina nyingine. Alto wetu wameshindwa miaka mitatu. Tunaendelea kujaribu.

Tunaweza kuurekodi na kuuchezesha kisasa?

Ubeti wa Kixhosa, ndiyo. Sontonga alifariki 1905 na Mqhayi 1945, na hakimiliki kwa sheria yetu hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Mungu Ibariki Afrika ni jambo lingine: ule ni wimbo wa taifa, msiutie ngoma za singeli halafu mkashangaa mkiitwa. Ulizeni kwanza.

Ushauri wangu wa kiufundi ni mmoja. Msianze juu. Mnaanza kwa furaha, soprano wanashindana, mkifika kiitikio mmeshaishiwa pumzi na teno wanapiga kelele. Anzeni chini kidogo, taratibu, kama watu wanaosali.

Mwalimu, daftari lako la sasa liko wapi?

Liko kwenye kabati la chuma la ofisi ya kwaya, na ufunguo anao katibu. Kila ukurasa umepigwa picha, ziko kwenye simu yangu na kwenye simu ya mke wangu, ambaye hata solfa hajui. Anayetaka wimbo aje na pesa ya fotokopi. Daftari halitoki, hata mvua ikiwa inanyesha.